Sahani ya Shangazi Philomena

Saa tisa alasiri jua lilikuwa limeshachoka. Modeste akabeba sururu yake, akateremka ziwani kutazama wavu. Kazi ya kila siku. Tangu taa zizimike huko kusini na ndege ya vyakula iache kuja, hii ilikuwa baridi ya pili, na kijiji kizima kilikula kinachotoka chini ya barafu.

Sisi Wadene, wenyeji wa kaskazini ya Kanada, tuna desturi ambayo hata mtoto anaijua. Samaki wa kwanza wa wavu ni wa yule asiyeweza kuvua. Wa Modeste alikuwa wa shangazi yake, Philomena, mwenye miguu iliyokufa na mdomo usiochoka.

"Leo umepata?" humuuliza kila akiingia, sahani iko tayari mapajani.

"Hakuna kitu, shangazi."

"We Modeste! Huo ni wavu, au unavulia upepo?" Na kicheko juu.

Siku tisa alimwambia hakuna kitu. Siku tisa samaki walilala thelujini nyuma ya banda la mbwa, akiba ya binti yake Lusi, aliyekuwa anakohoa na kukonda. Siku ya kumi wakamkuta Philomena ameketi, jiko limepoa, sahani mapajani. Watu wakasema ni uzee. Modeste alibeba jeneza mbele kabisa, na kila aliyempa pole alimuongezea aibu.

Sasa akavunja ganda la barafu, akainama, akavuta.

Kamba ikaja... kisha ikakaza.

Wavu wa chini ya barafu una matundu mawili. Mkiwa wawili, mmoja anavuta huku, mwenzake kule anaachia kamba kidogo kidogo. Ukiwa peke yako, kamba inajiburuta ovyo. Hii haikujiburuta. Ilikaza, ikalegea. Ikakaza, ikalegea. Ndivyo shangazi alivyokuwa akiiachia, enzi za miguu yake.

Ikaja harufu ya ngozi ya kulungu iliyokaushwa kwa moshi. Harufu ya viatu vyake.

Hakutaka kutazama. Akatazama.

Kwenye tundu la pili, mtu amechuchumaa. Kitambaa cha maua kichwani.

"Leo umepata?"

Sauti haikutoka kule. Ilitoka majini, miguuni pake.

Wavu ulikuwa unapanda, mzito, samaki wanne wanapiga mikia. Jamani, angesema tu ndiyo! Neno moja. Lakini mdomo ulishazoea.

"Hakuna... hakuna kitu, shangazi."

Kikaja kicheko kile kile.

"Basi tugawane hicho hicho, mwanangu."

Kamba ikalegea. Wavu ukatoka mtupu. Alipokimbilia tundu la pili hakukuta mtu, na ganda lake la barafu lilikuwa zima, halijaguswa tangu jana.

Akaenda moja kwa moja nyuma ya banda la mbwa, akachimba kwa mikono. Akazunguka nyumba kwa nyumba akigawa samaki, akibakiza mmoja wa Lusi.

"Nilikuwa nao," alisema kila mlango. "Nilimdanganya shangazi."

Hakuna aliyemtukana. Mzee Alphonse, jirani yake, alipokea, akamtazama sana, akasema, "Ingia kwanza upashe mikono moto." Modeste alitamani apigwe kofi.

Nyumbani, Lusi alichemsha samaki wao. Kabla ya kula akakata kipande cha kulisha moto, sehemu ya waliotangulia.

"Hiki cha bibi Philomena," akasema, akakitupa motoni.

Ndimi za moto zikakizunguka. Kuni zikalia. Kipande kikabaki cheupe, kinachuruzika maji ya ziwa.

"Baba... mbona hakiungui?"

Modeste akapiga magoti. "Shangazi, nilipata," akanong'ona. "Kila siku nilipata. Nisamehe."

Moto ukavuma. Kipande kikabaki kibichi.

Alipogeuka, Lusi alikuwa ameketi wima, kikohozi kimekata. Hakugusa chakula mezani. Alikuwa ameshika sahani tupu mapajani, anatazama mlangoni, anasubiri.