Sala, Mwana, Sala

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya Ziwa Kivu, Élodie alishuka mteremko wa Ibanda na bidoni mbili za njano za kutekea maji. Kushuka kulikuwa mchezo. Kazi ilikuwa kupanda: lita kumi mkono huu, lita kumi mkono ule, na kilima kisichomhurumia mtoto wala mzee. Mabomba ya mtaa wao yalikauka tangu vita vilipoanza, na foleni ya kuteka maji ufukweni ilikuwa ndefu na kimya. Watu walikuwa wamechoka hata kugombania nafasi.

Élodie alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake, maman Anne-Marie, na mdogo wake Dany wa miaka minne, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa ambayo wenyewe walikuwa wamekimbia. Baba yake, papa Edouard, alitumwa Kinshasa na ofisi yake kwa mafunzo ya majuma matatu. Juma la pili vita vikalipuka, njia zikafungwa, simu zikakatika. Majuma matatu yalikuwa sasa yamekuwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Maman Anne-Marie alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mjini. Kila siku, kabla ya kutoka, alisimama mlangoni na kuuliza swali lile lile.

"Élodie, maji ya kunywa utachemusha?"

"Ndiyo, maman."

"Itokote sana. Kolera, ile ya kuharisha, iko inatembea mu mutaa, na haipigi hodi."

Kisha alikwenda kwa miguu, mabega yameinama. Élodie alibaki na Dany mpaka saa sita, halafu alimwacha kwa jirani aliyekuwa kama mjomba wao, tonton Philémon, na kwenda shuleni kwa masomo ya mchana.

Tonton Philémon alikuwa dereva wa malori mpaka siku mguu wake ulipovunjika. Ujana wake aliumalizia Kinshasa. Sasa alishinda kwenye kiti mlangoni, na Élodie alimletea maji kwa sababu yeye hakuweza kushuka ziwani. Malipo ya Élodie yalikuwa wimbo mmoja kwa siku.

Tonton alikuwa na redio kuukuu ya kaseti, na kaseti moja tu iliyobaki nzima, ya mwanamuziki wa Kinshasa aliyeitwa Vieux Ebale. Mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa yamekwisha nguvu zamani. Tonton aliyaanika juani juu ya kigoda, akiyageuza kama mtu anayekausha samaki.

"Hizi mawe ziko kama sisi," alizoea kusema. "Zimeisha. Lakini ukizipatia jua kidogo, zinaimba nusu ya wimbo."

Na kweli ilikuwa nusu. Élodie alirudisha ukanda kwa kalamu ya biki ili mawe yasichoke bure, tonton akabonyeza kitufe, na sauti ya Vieux Ebale ikatoka, nzito na tulivu, kama ya mtu aliyekaa karibu nawe gizani:

*Sala, mwana, sala,*
*butu ekosila.*

Kibwagizo kilirudi mara tatu, gitaa likaingia, kisha sauti ikaanza kuvutika, ikawa kama ya mlevi, ikakatika. Hakuna siku waliyofika ubeti wa pili.

Élodie aliipenda sauti ile kuliko kitu chochote. Ilitoka Kinshasa, na Kinshasa ndiko alikokuwa papa. Aliwaza kwamba labda jioni sauti hiyo ilipita dirishani kwa papa pia. Barua hazikufika, lakini Vieux Ebale alifika. Kilingala hakukijua, ila maneno mawili hayakumhitaji mwalimu: *mwana* ni mtoto, na *sala* ni sala. Hakumuuliza mtu. Nani huuliza maana ya neno alilolijua tangu alipojifunza kupiga magoti?

Basi akaliandika kwenye jalada la daftari lake, akaliandika tena kwa kipande cha kaa ukutani, juu ya mbabula, jiko la makaa wanalopikia. Bunduki zilipolia milimani, alisema, "Sala, mwana, sala," na moyo ukatulia. Mama alipokaa bila kusema neno jioni nzima, Élodie alisema hivyo hivyo. Wimbo ulikuwa fimbo yake ya kutembelea katika siku zile nzito.

Tatizo lilianza asubuhi moja ya mvua. Makaa yalikuwa yamelowa. Aliwasha mara tano, moshi ukamjaa machoni, moto ukafa mara tano. Mikono ilimuuma kwa bidoni, Dany alikuwa analia anataka uji, na ukutani maneno ya Vieux Ebale yalikuwa yanamtazama. Élodie akaacha kupuliza. Alinyoosha mikono juu ya bidoni, akafumba macho na kusali kwa muda mrefu, kwa moyo wote. Kisha akamimina maji yale katika ndoo ya kunywa, akaifunika.

"Umechemusha?" mama aliuliza jioni.

"Iko tayari, maman."

Alijiambia kwamba huo haukuwa uongo kamili. Siku iliyofuata mvua haikunyesha na makaa yalikuwa makavu, lakini kusali kulikuwa rahisi kuliko kupuliza. Siku ya tatu sala ikafupika. Siku ya tisa aliisema huku anamimina.

Siku ya kumi, Jumamosi, Dany aliamka na macho yaliyozama. Alitapika, akaharisha maji meupe kama maji ya kuoshea mchele, na hakuwa na nguvu ya kulia. Maman Anne-Marie alimfunga mgongoni bila kuvaa hata viatu vizuri, na Élodie akawafuata mbio mpaka kituo kidogo cha afya kilichokuwa chini kando ya barabara.

Muuguzi, papa Constantin, alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Alibana ngozi ya tumbo la Dany kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imekunjika kama kitambaa.

"Maji imemuisha mu mwili," alisema. "Serum ya kupitisha mu mushipa ilituisha juzi. Lakini bado anameza, hiyo ni bahati. Niko na hii chumvi ya kunywa. Munachanganya na litre moja ya maji ya kuchemusha, anakunywa sasa hivi, kidogo kidogo. Sasa mimi hapa hata makala ya kuwasha moto sina. Nyumbani maji ya kuchemusha iko?"

"Iko," mama alijibu upesi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilipata nguvu. "Huyu mukubwa wake anachemusha kila siku. Élodie, kimbia, lete."

Élodie alikimbia. Alipanda kilima bila kupumzika, akafika, akafunua ndoo. Maji yalikuwa maangavu. Uso wake ulionekana ndani yake. Mtu yeyote angeyaita safi.

Alichota kopo moja, akasimama nalo. Akipeleka maji haya, Dany atayanywa tena. Akiyachemsha sasa, itachukua muda, na muda wenyewe Dany hana. Alifungua kinywa kusema sala yake, na neno halikutoka. Akamwaga kopo chini, akaenda mlangoni kwa tonton Philémon.

"Tonton, uko na maji ya kuchemusha?"

"Maji unaniletea si wewe? Ile yako imefanya nini?"

"Haijachemuka," alisema. "Siku tisa haijachemuka. Dany iko anakufa."

Tonton hakupoteza muda kukemea. Alijivuta mpaka mezani kwa fimbo yake, akachukua thermos. "Mimi nakunywa chai tu. Maji yako yote nairudisha ku moto, ndiyo maana unaniona bado niko muzima. Kamata kikombe." Ili yapoe, walimimina maji ya moto kutoka kikombe hiki hadi kile, kutoka kile hadi hiki, mvuke ukiwapanda usoni, na ndipo akauliza, "Lakini kwa nini, mutoto?"

"Nilisalia ile maji. Vieux Ebale anasema tusali."

"Anasema wapi?"

"Si mu wimbo? Sala, mwana, sala."

Mikono ya tonton ilisimama hewani. Alimtazama kwa muda, kama mtu aliyegundua kwamba gari lake limekwenda njia nyingine tangu asubuhi.

"Élodie," alisema taratibu. "Ile ni Kilingala. Kusali, kule wanasema kosambela. *Sala* ya kule ni kutumika, kufanya kazi. Tumika, mutoto, tumika, usiku utaisha. Ndiyo anaimba."

Tonton alifunga kifuniko cha thermos na kumpa.

"Maji nimetoa mimi," alisema. "Lakini ile kweli, utaitoa wewe mbele ya mama yako. Kimbia."

Njia nzima ya kushuka, thermos ilikuwa nyepesi na jambo lile lilikuwa zito. Mama hakuhitaji kujua. Maji mikononi mwake yalikuwa mema, na angeweza kuyaweka mezani akanyamaza. Lakini ndoo ile ilikuwa bado nyumbani, na jioni mama atarudi na kiu.

Papa Constantin alichanganya chumvi na maji. Élodie alisubiri mpaka kijiko cha kwanza kilipoingia kinywani mwa Dany.

"Maman, haya maji ni ya tonton Philémon. Yetu sikuchemusha. Nilikuwa nakudanganya."

Maman Anne-Marie alimgeukia. Hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu aliyebeba mzigo kilima kizima, kisha akaongezewa mwingine karibu na mlango.

"Siku ngapi?"

"Siku tisa."

Mama alifumba macho, akayafumbua.

"Shika kijiko," alisema.

Élodie alishika kijiko. Kijiko kimoja, kusubiri, kijiko kingine. Dany alipotapika, papa Constantin alisema wangoje kidogo, waanze tena. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Tonton Philémon alikuja na fimbo yake na thermos ya pili, jasho likimtiririka. Alikuwa hajashuka barabara ile tangu mwaka uliopita. Mkono wa Élodie ulikufa ganzi, akahamishia kijiko mkono mwingine. Alikuwa anasali pia, midomo yake ikitikisika, lakini safari hii mkono haukusimama.

Alasiri, Dany alikojoa. Papa Constantin alitabasamu kama aliyepewa zawadi.

"Sasa mwili unarudisha maji. Ataishi huyu," alisema. Kisha akamgeukia Élodie. "Umefanya vizuri kusema. Ungenyamaza, ningewatuma nyumbani, na kesho mungerudi wote watatu. Ile ndoo, mwaga na uisugue. Na maji ikianza kutokota usiitoe palepale. Uiache muda wa wimbo mmoja muzima."

Siku ya tatu Dany aliomba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, akamaliza sahani, akadai nyingine. Jua lilikuwa kali siku hiyo. Tonton Philémon alikuwa ameanika mawe yake tangu asubuhi, na alasiri aliwaita. Maman Anne-Marie naye akaja, akakaa kwenye kizingiti na kuvua viatu. Élodie alirudisha ukanda kwa kalamu. Kitufe kikabonyezwa.

Kibwagizo kikaja, mara moja, mara tatu. Gitaa likaingia. Wote walingoja sauti ivutike na kufa, lakini haikufa. Vieux Ebale alivuta pumzi na kuingia ubeti wa pili, ambao Élodie hakuwahi kuusikia:

*Maboko mibale*
*mama apesaki yo.*

Élodie aliinua kichwa. *Maboko.* Neno hilo bibi yake alilisema kila siku katika Kimashi, lugha ya kwao: amaboko, mikono.

"Mikono mibili, mama yako alikupatia," tonton alitafsiri, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kisha mawe yakachoka, na sauti ikakatika. Maman Anne-Marie alikuwa anajikanda nyayo.

"Umeona, mwanangu," alisema bila hasira. "Huyu muimbaji wako hakukosa. Wewe ulichukua nusu ya wimbo ukaifanya sheria. Mutu unamupenda, musikilize mupaka mwisho. Na neno lake usipolijua, uliza, hata kama unafikiri unalijua. Mimi pia nasali. Siku ile nilisali kutoka hapa mupaka kituo, lakini mikono yangu ilikuwa imemushika Dany. Mungu alitupatia kinywa na mikono. Hakusema tuchague kimoja."

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini:

"Na tena, siku umechoka, uniambie: maman, nimechoka. Mimi pia nachoka. Tutapuliza moto wote wawili. Kuchoka haiko zambi, Élodie. Kudanganya ndiyo ilitaka kutuulia mutoto."

"Nimesikia, maman," Élodie alisema. Halafu akaongeza, "Maman, nimechoka."

"Najua," mama alisema, akamvuta karibu naye.

Asubuhi iliyofuata mvua ilinyesha tena. Makaa yalikuwa mabichi, moshi ukawajaa machoni, Élodie akapuliza upande huu na mama upande ule mpaka moto ukakubali. Mama akaenda kazini. Sufuria ilipoanza kutokota, Élodie aliketi mbele yake na kuimba, Dany akipiga bidoni tupu kama ngoma. Aliimba kibwagizo mara tatu, gitaa akaliimba kwa mdomo, akaingia ubeti wa pili, akarudi kwenye kibwagizo. Maji yalichemka na kuchemka. Hakuepua sufuria mpaka alipofika neno la mwisho.