Mashine ya Elvis na Mayai ya Mama Billy

Likizo ya Agosti ilipoanza, asubuhi za Lavender zilifanana. Aliamka, akateka maji kwenye kioski karibu na ploti yao ya vyumba vya kupanga mtaani Sarang'ombe, Nairobi, akafagia nyumba, kisha akamchemshia chai kakake, Elvis. Mama yao, Sella, alikuwa amesafiri kwenda Bungoma kumuuguza nyanya. Elvis alishinda mtaa wa Makina akitengeneza simu kwenye kibanda chake, kwa hiyo Lavender, mwanafunzi wa Gredi ya Saba, ndiye aliyebaki na nyumba.

Kazi yake ya mwisho kila asubuhi ilikuwa kukagua mashine. Ilikaa juu ya meza katika chumba cha ndani, kando ya dirisha. Lilikuwa boksi la chuma lenye feni mbele na nyuma, nalo lilivuma kutwa kama kinu cha posho kilicho mtaa wa pili. Elvis alikuwa ameinunua kwa akiba yake ili ichimbe sarafu za kidijitali.

"Inachimba wapi na haina jembe?" Lavender alimuuliza siku ya kwanza.

Elvis alicheka. "Haichimbi udongo. Inabahatisha namba, moja baada ya nyingine, haraka kuliko unavyoweza kufikiria. Mashine za dunia nzima zinashindana. Inayopata namba sahihi kwanza ndiyo inayopewa sarafu. Sisi wadogo tunajiunga kwenye kundi, tukipata tunagawana."

Walikuwa wamekwenda pamoja kuinunua huko Kawangware, kwa Kitheka, muuzaji wa vifaa vilivyotumika. Kitheka aliwawekea mashine mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa kubwa na ya zamani. Nyingine ilikuwa ndogo, ya juzijuzi.

"Hii kubwa ni bei rahisi na ina kasi," Kitheka alisema. "Lakini inakula stima kama birika ambalo halizimwi kamwe. Hii ndogo inachimba polepole, lakini haina njaa. Kijana, usiulize tu mashine itakuletea nini. Uliza pia itakula nini."

"Kwetu stima iko ndani ya kodi," Elvis alijibu. "Ile kubwa itanifaa."

Kitheka alimtazama kidogo. "Na majirani je? Mna laini moja ya stima?"

Elvis alijifanya hakusikia. Alikuwa tayari ameanza kuifunga mashine kubwa kwa kamba.

Mwanzoni Lavender aliifurahia kazi yake. Alijifunza kusoma joto la mashine kwenye simu ya zamani ambayo Elvis alimwachia. Alijifunza kwamba mashine huzimwa kwanza kupitia simu, halafu ndipo swichi ya ukutani inapoguswa. Siku moja taa nyekundu iliwaka, na simu ikaonyesha bodi mbili tu za kuchimbia zikifanya kazi badala ya tatu. Elvis aliifungua, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akachomoa waya wa ile bodi iliyonyamaza na kuuchomeka tena vizuri. Bodi ya tatu ikarudi. Lavender alipiga makofi. Wakafunga kitambaa chepesi cha neti dirishani ili vumbi la njiani lisiingie.

"Mtu akikuuliza ni nini kinavuma, sema ni feni," Elvis alimwonya. "Watu wa hii ploti wana maneno mengi."

Lavender aliitikia. Wakati huo halikuonekana kuwa neno kubwa.

Mlango wa pili aliishi Akeyo, ambaye wapangaji wote walimwita Mama Billy. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuja Nairobi kutoka Siaya miaka mingi iliyopita. Nyumbani kwake alikuwa na sanduku la mbao la kuangulia vifaranga. Fundi wa jua kali alimtengenezea, akaweka balbu za kuleta joto na kipimajoto kilichoning'inia kwenye kioo. Balbu hizo hazikuwa na kifaa cha kuzizima zenyewe. Mama Billy ndiye aliyekitazama kipimajoto, akazima au kuwasha kwa mkono. Mayai yaliyokuwamo wakati huo yalikuwa ya kikundi cha akina mama kanisani. Walikuwa wameyanunua pamoja ili kila mmoja aanze kufuga.

Asubuhi moja Mama Billy alibisha hodi. Uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Lavender, mwanangu, kuna kitu kikubwa mmewasha huko ndani? Siku hizi balbu zangu zinafifia. Joto la mayai linashuka, na sijui shida iko wapi."

Lavender alihisi masikio yake yakiwaka moto. Nyuma yake mashine ilivuma.

"Hapana, Mama Billy. Ni feni tu."

"Feni." Mama Billy alitikisa kichwa taratibu. "Basi labda balbu zangu zimechoka."

Alikwenda dukani akarudi na balbu zaidi. Baadaye kidogo alimwita Lavender kwa furaha. "Njoo usikie! Nimeongeza balbu, joto limerudi sawa. Weka sikio hapa."

Lavender aliinama karibu na yai. Ndani ya ganda alisikia sauti nyembamba mno, tii, tii, tii. Kifaranga kilikuwa kikilia kabla hata ya kuuona mwanga.

"Vinaongea," Mama Billy alisema huku akitabasamu. "Kesho au kesho kutwa vitatoka. Mimi nakimbia Makina, tuna mkutano wa kikundi. Nitawaambia wajiandae."

Alipoondoka, Lavender alirudi nyumbani lakini hakuweza kutulia. Alijaribu kusoma, akashindwa. Ile sauti nyembamba ilimfuata. Akawaza, je, stima ikizidi kupungua na vile vifaranga vikashikwa na baridi? Alitaka kumkimbilia Mama Billy njiani amwambie ukweli. Alifika hadi mlangoni. Kisha akamkumbuka Elvis, akakumbuka na jinsi yeye mwenyewe alivyosema ni feni, akaona haya.

"Nitaizima tu," alijiambia. "Hakuna atakayejua, na vifaranga vitakuwa salama."

Aliizima kupitia simu, kisha akaizima ukutani. Kelele zikakoma. Taa ya sebuleni ikang'aa kuliko ilivyong'aa kwa majuma mengi. Lavender alishusha pumzi, akatoka kwenda kufua nguo. Alifua huku akiimba.

Mama Billy alirudi alasiri. Lavender alimsikia akifungua mlango, halafu kukawa kimya. Alisubiri kuitwa, lakini hakuitwa. Alipochungulia, alimkuta Mama Billy amepiga magoti mbele ya sanduku, mlango wake ukiwa wazi, na joto kali likitoka kama la tanuri la mkate. Alikuwa ameshika yai moja sikioni. Aliliweka chini, akachukua jingine. Akaliweka chini pia.

"Nimeyaua mwenyewe," alisema bila kugeuka. "Niliongeza balbu nyingi mno. Stima ilikuwa kidogo, sasa imerudi yote kwa pamoja, na mimi sikuwapo. Nitawaambia nini wale akina mama? Waliniamini."

Hapo ndipo Lavender alipoelewa. Ingekuwa rahisi kunyamaza, kwa maana Mama Billy alikwisha kujibebesha kosa lote. Lakini kumsikia akijilaumu kulimchoma kuliko adhabu yoyote.

"Si wewe, Mama Billy," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Haikuwa feni. Elvis ana mashine kubwa, ndiyo iliyokuwa inavuta stima. Nilikudanganya. Halafu nikaizima bila kukuambia. Nilidhani nasaidia."

Mama Billy alimtazama. Hakumpigia kelele. Aligeukia mayai akaendelea kuyasikiliza moja moja, na Lavender akapiga magoti kando yake, akasikiliza pia. Yale yaliyokuwa pembeni, mbali na balbu, machache yake bado yalikuwa na sauti. Waliyahamisha hayo, wakapunguza balbu, wakaweka bakuli la maji la kuleta unyevu ndani ya sanduku. Mengine yote waliyafunga kwenye gunia.

Elvis aliporudi, Lavender alimweleza kila kitu akiwa bado mlangoni. Elvis alikaa kitini, akainamisha kichwa.

"Kitheka aliniuliza kuhusu majirani," alisema mwishowe. "Nilimsikia vizuri tu."

Alikwenda kwa Mama Billy, akasimama mlangoni kama mtoto. "Mama, nisamehe. Nilimfundisha huyu msichana uongo."

Kesho yake aliibeba mashine hadi Kawangware. Kitheka aliipokea kwa ajili ya vipuri. Badala ya pesa, Elvis aliomba kifaa kidogo cha kudhibiti joto pamoja na mayai ya kuanza upya kutoka kwa mfugaji aliyekuwa jirani ya duka hilo. Aliporudi alikifunga kile kifaa kwenye sanduku la Mama Billy, na tangu siku hiyo balbu zikawa zinajizima zenyewe joto linapozidi. Alimpigia pia mama yake simu Bungoma, akamweleza yote bila kuficha.

Mayai machache yaliyobaki yalianguliwa. Vifaranga vilikuwa vinyonge, na kimoja hakikuweza kusimama.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Billy alimchukua Lavender hadi kwenye mkutano wa akina mama. Lavender alisimama mbele yao akaeleza mwenyewe kilichotokea. Wengine walisikitika, mmoja akasonya. Hakuna aliyemwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Walipokuwa wakirudi, Lavender aliuliza, "Mama Billy, ungenikasirikia kama ningekuambia ukweli ile asubuhi?"

"Ningekasirika," Mama Billy alijibu. "Labda ningegomba hadi ploti nzima isikie. Halafu mngezima mashine, mimi nisingeongeza balbu, na jioni tungekunywa chai." Waliruka mtaro. "Uongo wako ulikuwa mbaya, mwanangu. Lakini ulipotubu, ulitubu peke yako, kwa siri. Ulirekebisha kosa na bado ukaficha ukweli. Aliyekosewa ndiye anayepaswa kujua kwanza, maana yeye anaendelea kuishi kana kwamba ule uongo ni kweli. Mimi niliongeza balbu kwa sababu ya neno lako."

Machozi yalimlenga Lavender, naye hakuyafuta.

"Sasa ongeza mwendo," Mama Billy alisema, akimshika mkono. "Mayai mapya yanataka kugeuzwa, na kuanzia leo utanisaidia kuyageuza."