Hapana ya Kwanza

—Solveig, nataka kukuoa.

Alcide Theriot alisema hayo akiwa amepiga goti juu ya jiwe lenye utelezi, maji ya Mississippi yakimlowesha suruali. Hapo Itasca, kaskazini mwa Minnesota, mto ndio kwanza unatoka ziwani, na mtu anauvuka kwa kurukaruka mawe. Alcide ni mtu wa Louisiana, kule mto huohuo unakoishia baharini. Tangu mpenzi wake amwalike kwenye likizo ya familia, alikuwa amepania kumposa hapo hapo.

Solveig Tveit alihisi moyo unataka kumtoka kwa furaha. Akajibu kama alivyolelewa kujibu.

—Ah, hapana bwana. Usijisumbue.

Kisha akatulia, akisubiri aulizwe tena.

Alcide alimtazama kidogo. Akafunga kikasha cha pete, akakitia mfukoni, akamshika mkono asije akateleza.

—Sawa. Twende, wenzetu wanatungoja.

Ng'ambo ya mto, mama yake Solveig, Marlys, na kaka yake Curt walikuwa wakila mikate yao. Hawakusikia lolote.

Garini Solveig alikuwa akipanga jibu lake la pili kichwani. Wakasimama kwenye mji mmoja mdogo wenye sanamu ya samaki ya saruji, kubwa kama basi, na Curt akamlazimisha kila mtu aingie mdomoni mwa samaki apigwe picha. Alcide alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Solveig akamsogelea.

—Huna kitu unataka kuniambia?

—Sina.

—Kweli?

—Yangu nilishayasema, Sol.

Hapo hasira zikampanda. Yaani yeye thamani yake ni jaribio moja tu? Yeye ni Tveit bwana, na binti wa nyumba ile habembelezi mwanamume. Waliporudi garini akageuza uso dirishani, akawa anahesabu miti hadi walipofika kwenye nyumba yao ya ziwani.

Jioni, Curt akiwa nje anakaanga samaki, simu ya Solveig ikalia jikoni. Ujumbe ulitoka kwa Alcide, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye gati la mashua, kando ya ziwa.

"Kesho asubuhi naondoka. Waambie nimeitwa kazini. Sina kinyongo, jibu lako nimeliheshimu. Nilikupenda kweli."

Marlys aliichukua ile simu akasoma bila kuomba ruhusa, kama mama wengine wote.

—Alikuposa?

—Pale kwenye mawe.

—Ukamjibuje?

—Hapana, usijisumbue.

—Vizuri. Na mara ya pili?

—Hakuuliza tena.

Marlys akaweka simu mezani taratibu.

—Marehemu baba yako alirudi mara tatu. Ya tatu ndipo nikamwambia, basi, kama unasisitiza.

—Na mimi ndicho nilichokuwa nasubiri, mama.

—Mwanangu, hujamwona huyo kijana wako kwenye kahawa? Ukimkaribisha, anasema asante, anavuta kikombe. Siku ya kwanza alikula kipande cha mwisho cha pai, sote tukabaki tunakodolea sahani. Huyo hajui kwamba hapana yetu ina ngazi.

Solveig akaketi. Aliona aibu kwanza, kisha hofu ikamshika.

—Nimemfukuza mwenyewe.

—Hajaondoka bado. Beba hiyo saladi.

Walikula nje, kando ya maji. Marlys akasukuma sahani upande wa Curt.

—Ongeza samaki.

—Hapana mama, nimeshiba.

—Chukua.

—Na wengine je?

—Chukua bwana.

—Basi, kama unasisitiza.

Wiki nzima Alcide alikuwa akiusikia wimbo huo. Sahani ikabaki na kipande kimoja. Curt akakikata nusu, akaacha nusu. Marlys akaikata ile nusu nusu tena. Kikabaki kijipande cha kukaa kwenye kidole gumba, na kila mtu akajifanya hakioni.

Solveig akasimama. Akakiokota kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna huku wanamtazama. Uma ulimponyoka Curt. Hakuna Tveit aliyewahi kumaliza sahani hivyo mbele za watu.

—Alcide, leo asubuhi uliniposa, nikakwambia hapana.

—Alikufanya nini? Curt akauliza.

—Nyamaza, Curt.

—Sol, si lazima tuyaongee hapa, alisema Alcide.

—Ni lazima. Kwetu hatukubali kitu mara ya kwanza, hata kahawa. Nilikuwa nasubiri uniulize tena.

—Kwetu mwanamke akisema hapana, ni hapana. Mama yangu alinifunza hivyo, na siachi.

—Usiache. Ndiyo maana sasa nauliza mimi. Nakupenda, nakutaka, na sioni haya kusema mbele ya watu wangu. Nioe.

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Marlys alijiweka sawa kitini, kidevu juu, kama mzazi ambaye jina la mwanawe limetajwa kwa sifa shuleni.

Alcide akaitazama ile sahani tupu. Akamtazama Marlys, akamtazama Curt, kisha akajikuna kisogo.

—Ah, hapana bwana. Usijisumbue.

Solveig akashika ukingo wa meza. Halafu akaona pembe ya mdomo wa Alcide inacheza.

—Hainisumbui, akamjibu. —Nioe.

—Nitawatia watu taabu, na nyote mko likizo.

—Alcide Theriot, nimesema nioe.

Alcide akatoa kile kikasha mfukoni.

—Basi, kama unasisitiza.

Curt alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. Solveig alivaa pete yake kichwa kikiwa juu, akiwa na mafuta ya samaki vidoleni, na hakuona sababu ya kuyafuta.

Marlys akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pai. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Alikiweka mbele ya Alcide kikiwa kizima, akaketi, na hakuna aliyegusa kisu.