Jina la Kwenye Kisima

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita hivi?"

Gazeti lilitua juu ya mizani, pwaa! Yunusi, karani wa mnunuzi binafsi wa korosho pale Newala, akainua macho. Mbele yake alisimama mchumba wake, Ziada, kifua kikipanda na kushuka. Wapagazi wakaduwaa na magunia yao mabegani.

"Ziada, mbona sikuelewi?"

"Soma hapo, mwandishi mkubwa wewe!"

Asome nini, na kaandika mwenyewe? Ilikuwa hadithi yake ya kwanza kutoka gazetini, ya kuendelea toleo lijalo, na jina la msichana wa hadithi lilichapwa kwa herufi nene: SINAWANGU.

"Hilo ni jina la kubuni tu, mpenzi."

"La kubuni! Hilo lilikuwa jina langu la utotoni, Yunusi. Nililiacha unyagoni, nikatoka naitwa Ziada. Leo kwenye foleni ya maji Kitangari watoto wadogo wananiimbia!" Akalipiga gazeti kofi. "Mjomba Shamte anarudisha kanga zako na kishika uchumba. Kasema mwanamume wa kukuaibisha mbele za watu, huyo hafai kuoa kwetu."

Akageuka, akaenda zake, gazeti kaliacha pale pale.

Msimlaani Yunusi mapema. Mwaka ule wa tisini na nne, korosho zilianza kununuliwa na yeyote mwenye leseni, na magazeti ya watu binafsi yalikuja kwa basi kutoka Mtwara kila wiki. Mhariri mmoja alimwandikia: "Hadithi yako tamu, ila hao Juma na Asha wamechosha. Tafuta majina ambayo msomaji hajawahi kuyasikia, lakini akiyasikia ayaamini."

Basi kijana akawa hali halali. Aliokota majina kwenye magunia, kwenye makaburi, kwenye milango ya maduka. Yote yalikuwa na wenyewe. Siku moja, kaenda kusalimia ukweni Kitangari, akaona jina limechorwa kwa kijiti kwenye saruji ya kisima cha maji ya mvua pale uani. Kuuliza ukweni aliona haya. Akawauliza majirani kama yupo mtu wa jina hilo. Wote wakamjibu, "Hayupo." Akadhani ni marehemu wa zamani.

Na yeye Myao wa Lisekese, kaingia jandoni, kaacha jina lake huko huko! Anajua fika kwamba kumwita mtu mzima jina la utotoni ni tusi la kutozwa kuku. Ila njaa ya jina zuri ilimpofusha.

Jioni hiyo akapanda baiskeli hadi Kitangari, jogoo kaning'inia kwenye usukani. Bibi Mwanasha, bibi yake Ziada, alikuwa anateka maji pale kisimani uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Huyo jogoo wa nini?"

"Wa faini, Bibi. Nimekosa. Nilipouliza, watu waliniambia hayupo."

"Hawakukudanganya. Mtoto wa jina lile hayupo. Mama yake alikufa akimzaa, upande wa baba wakatukimbia. Mimi ndiye niliyempa hilo jina, kwa uchungu wangu. Alikua nalo akilia. Siku tulipomtoa unyagoni alicheza mpaka kanga ikachanika, kwa furaha ya kuitwa Ziada."

Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa, na Yunusi alijua Ziada yuko nyuma yake, anasikia.

"Ziada," akaita, "nakupenda, na nimekuumiza. Hadithi naweza kuiacha. Wewe siwezi."

Sauti ya Ziada ikatoka ndani:

"Ukiiacha hapo, watu watabaki na jina langu tu la kuchekea. Rudi kwenu, Yunusi. Chukua na jogoo wako. Gazeti limesomwa na wilaya nzima, kuku mmoja atamlipia nani?"

Alirudi kwa miguu akikokota baiskeli, jogoo akiwika njia nzima kama anamcheka. Maneno ya Ziada hayakumtoka. Kesho yake akaandika sehemu ya pili, akaituma kwa basi. Kwa Bibi Mwanasha alituma ujumbe mmoja tu: "Naomba umzuie Mjomba asirudishe kanga mpaka gazeti lijalo."

Gazeti lilifika Ijumaa. Ndani yake, kijana wa hadithi alimwambia msichana:

"Usione haya. Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa walinilaza jaani ili kifo kinione takataka, kinipite. Wakaniita Majalala. Nililiacha jina hilo jandoni, na sikupata kumwambia mtu. Leo nawaambia wote, tucheke pamoja." Na chini kabisa: "Haya ya jaani si ya kubuni. Majalala nilikuwa mimi, mwandishi, Yunusi wa Lisekese."

Ehe! Saa nne asubuhi tu pale mizani palikuwa hapatoshi.

"Majalala, pima gunia langu!"

"Majalala, jaani kulikuwa na baridi?"

Aliyevuma zaidi ni Dastani, mpagazi mwenye mdomo mpana kuliko gunia. Yunusi masikio yanawaka, lakini kila akiitwa aliitika, "Naam."

Kelele zikakatika ghafla. Ziada alikuwa amesimama mlangoni, gazeti mkononi.

"Ni kweli?" akauliza taratibu.

"Kweli tupu. Mama yupo Lisekese, kamuulize."

"Na umejianika mwenyewe, watu wakucheke hivi?"

"Wewe walikucheka peke yako. Sikuweza kulala nikikuwazia hivyo."

Machozi yakamlengalenga Ziada, akayapangusa kwa ncha ya kanga. Nyuma yake Dastani hakujiweza:

"Haya, Majalala, kabembelezwe!"

Ziada akageuka kama aliyechomwa na mwiba.

"Wewe Dastani! Ulipitia jando la wapi? Huyu anaitwa Yunusi. Jina la utotoni la mume wangu hulitaji bure. Kuku, na leo leo!"

Yunusi alikuwa amesikia maneno mawili tu.

"Umesema mume wa nani?"

"Usinitie haya mbele za watu," Ziada akasema, huku anacheka na kulia. "Njoo kwa Mjomba Jumapili. Na jogoo wako uje naye."

Dastani alilipa. Kuku wake na jogoo wa Yunusi waliliwa siku moja, kwenye pilau la harusi, na mlaji wa kwanza alikuwa Dastani mwenyewe.