Chale Tatu Kwenye Ngozi ya Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kachero alihesabu penseli zake, akakagua chupa yake ya maji, kisha akamwuliza mdogo wake kama ameigusa. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu binti huyo wa miaka kumi na miwili alimshuku kila mtu. Alimshuku hata paka wa jirani, ingawa kusema kweli paka huyo naye hakuwa mwaminifu.

Mkoba wake wa dukani ulipochanika kwa mara ya pili, mama alifungua sanduku akatoa aproni nene ya ngozi ya kahawia. Ilikuwa ya marehemu babu, mhunzi, ambaye aliivaa mbele ya moto maisha yake yote.

"Tutaipeleka kwa fundi, iwe mkoba wako," mama alisema.

Kachero alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Babu hakuacha hata picha. Je, fundi akiificha ngozi hii nzuri na kushona mkoba kwa ngozi nyingine? Mama alipokwenda kuoga, Kachero alichukua wembe akaichanja ngozi chale tatu upande wa ndani, kwenye ukingo mrefu, mahali ambapo hapaonekani upesi. Sasa mwizi hana pa kutokea, alijiambia.

Katika mtaa wa mafundi wa ngozi, fundi wa kwanza aliahidi mkoba kesho yake kabla hata hajaitazama aproni. Wa pili alimsifu mama kuliko alivyoisifu ngozi. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliinusa ngozi, akaikunja, akaiweka sikioni asikie kama inalia.

"Imekaa kavu muda mrefu. Lazima niilainishe kwanza. Njooni baada ya siku saba."

"Huyu ndiye fundi," mama alinong'ona. "Amekagua kwanza, hakukimbilia kuahidi."

Siku saba za kulainisha, au za kuficha? Tangu siku hiyo, kila akitoka shuleni, Kachero alipitia pale. Siku ya pili hakuiona ngozi mezani. Siku ya nne alimwona mwanamume akitoka na mkoba mpya wa rangi ileile ya aproni ya babu.

"Karibu, mwanangu. Umepotea njia?" fundi aliuliza.

"Napita tu, mama."

"Haya. Naona unapita tu kila siku."

Siku ya saba mkoba ulikuwa tayari. Ulikuwa mzuri, mishono imenyooka kama mistari ya daftari. Lakini mkanda wake ulikuwa mweusi.

"Mkanda huu si wa babu," Kachero alisema. "Ngozi ilitosha. Nilimwona mtu akitoka hapa na mkoba wa rangi ya ngozi yetu."

"We mtoto, unajua unamwambia nani maneno hayo?" mama alisema kwa aibu.

Fundi hakugomba. Alivuta mtoto wa meza akatoa vipande vinne vyembamba vya ngozi ya kahawia.

"Mkanda hukatwa kwenye ukingo mrefu tu, kwingine hakutoshi urefu. Niliukata, nikauvuta kuupima nguvu, kama ninavyofanya kwa kila mkanda. Ukakatika mara tatu. Kuna mtu aliutia wembe, nami sikuona mapema. Nikatoa mkanda katika ngozi yangu mwenyewe, msije mkakwama. Na hivi vipande nimewawekea, maana si vyangu."

"Ni mdogo wako huyo na nyembe zake za kuchongea penseli," mama alisema. "Leo atanitambua."

Kachero alimwona akilini mdogo wake akilia kwa kosa ambalo hakulifanya. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Nilitia alama ili nimkamate fundi akiiba."

Kisha machozi yakamtoka, kwani mkanda wa babu ulikuwa umeharibiwa na mkono wake mwenyewe.

"Ulimvizia mwizi dukani kwa watu," mama alisema polepole. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Nisamehe, mama fundi."

"Nimekusamehe. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ungeniuliza siku ya kwanza, ningekuonyesha kila ninapokata." Fundi alimwekea vipande vile vinne mbele yake, pamoja na uzi na msharasi wa kutobolea. "Vishone hivi viwe kifuko cha penseli. Mimi na mama yako tunakwenda kuchota maji."

Kachero alitazama rafu zilizojaa mikoba ya watu, na mtoto wa meza ulioachwa wazi.

"Unaniacha peke yangu na vitu vyote hivi? Hunijui."

"Sikujui, kama wewe usivyonijua mimi," fundi alijibu, akishika ndoo. "Lakini watu wakiviziana tu, hakuna mkoba utakaoshonwa. Lazima mmoja wetu aanze kumwamini mwenzake."

Akatoka na mama bila kugeuka nyuma. Kachero alifuta machozi, akashika msharasi, akatoboa tundu la kwanza.