Kitambaa Cheupe cha Bibi Nunu

Idd Mosi ya mwaka tisini na mbili, nyumba ya nahodha kule Kunduchi ilijaa watu hadi ngazini. Adelard, kijana wa Bukoba aliyekuwa akitembeza wageni humo, akamkuta msichana wa gauni la zambarau na ushungi mweupe amejikalia kitandani.

"Dada, kitanda hicho hakikaliwi. Hapa makumbusho."

"Makumbusho kwako. Kwangu ni kwa babu."

Na kweli, msichana huyo, Najma, alikuwa kitukuu wa nahodha. Wakacheka, na mapenzi yakaanzia hapo hapo. Mwaka mzima simu ya dukani kwa mjomba wake, Magomeni, haikupumua.

Kikwazo kilikuwa dini. Adelard alikuwa tayari kusilimu, lakini neno la mwisho lilikuwa la Bibi Nunu, binti wa nahodha, aliyemlea Najma.

"Mpenzi, bibi kakubali kuja kukuona!" Najma akapiga simu. "Anataka na kitambaa chake cheupe, kimo sandukuni humo kwenu tangu nyumba ifanywe makumbusho. Kiandae vizuri."

"Kitambaa gani?"

"Cheupe tu, jamani! Wewe kiandae."

Ilikuwa sanda. Bibi aliinunua Maka, akailowesha maji ya baraka ya Zamzam kwa mikono yake. Lakini nani ataje sanda ya bibi yake aliye hai? Ulimi ulimgomea Najma. Basi yule mjinga wa mapenzi akaona kitambaa kimepiga manjano, akakifua kwa sabuni ya unga mara mbili, akakipiga pasi, akakitandika kwenye kitanda cha nahodha.

"Shikamoo bibi," alisema kwa tabasamu walipoingia.

Bibi alikiendea kitambaa. Aliinama, akakinusa.

"Zamzam yangu mmeifua! Nitazikwa na nini mie?"

Najma akafungua mdomo, akaufunga.

"Nisamehe bibi," Adelard akasema. "Kosa langu peke yangu."

Siku ya nane Bibi Nunu akafa, hajasamehe. Akazikwa na sanda ile ile. Adelard alibeba jeneza pamoja na wanaume, na hakuna aliyemkataza. Baada ya mazishi Najma akamwita uani, macho mekundu.

"Mbona hukumwambia ni mie?"

"Angekuchukia wewe."

"Kafa anakuchukia wewe! Nakupenda, mshenzi wewe. Ila kila nikikutazama najiona nilivyonyamaza. Usinipigie tena."

Hakupiga. Najma alikaa kando ya simu ile miaka miwili, hadi mjomba alipomwoza.