Kihisi Kilichoanguka

Kila akitoka shule, Sisimizi huvua sare, hula, kisha huenda gereji kwa shangazi yake kufuta spana na kuzipanga. Jina hilo alipewa na Twiga, fundi msaidizi, kwa sababu hatulii. Naye Twiga akiingia chini ya gari, miguu hubaki barabarani.

Siku hiyo Twiga alikuwa anafunga kihisi kipya cha oksijeni kwenye teksi ya jirani. Alinyoosha mkono aletewe. Sisimizi akakichukua, kikamponyoka, kikagonga saruji. Pale gereji, kitu kikianguka lazima fundi aonyeshwe kwanza. Sisimizi alikigeuza, hakuona ufa. Akakipangusa, akampa, kimya.

Kesho yake teksi ilirudi inatoa moshi mweusi. Dereva alilalamika kwamba inakunywa petroli kana kwamba ina kiu ya mwaka mzima. Shangazi akamgeukia Twiga, akamwambia hiyo ndiyo kazi ya harakaharaka, na kuanzia leo asiguse injini ya mtu; ataosha magari tu. Twiga alisema alikifunga vizuri. Hakusikilizwa. Akainama, akachukua ndoo.

Sisimizi akaishika ile ndoo.

“Shangazi, si kaka Twiga. Mimi nilikiangusha.”

“Mbona hukusema?”

“Niliogopa utanifukuza.”

Shangazi alikifungua kile kihisi, akakitikisa sikioni. Ndani kikalia kitu kama kokoto. Akamvuta Sisimizi karibu, akamweleza taratibu. Kihisi hukaa kwenye bomba la moshi, kikipima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua. Ikibaki nyingi, kompyuta ya gari hujua petroli haitoshi, huongeza. Ikibaki kidogo, hupunguza. Sasa hiki kimepasuka ndani, kila saa kinasema hewa imezidi. Kompyuta, maskini, inaamini, inazidi kumimina petroli.

Walifunga kingine, moshi ukaisha. Shangazi alimwomba Twiga radhi, tena mbele ya dereva. Twiga akacheka, akasema sisimizi hubeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake, ila huu wa jana ulimzidi.

Shangazi hakucheka. Alimshika mtoto bega.

“Kuangusha si kosa, mwanangu. Hata mimi vitu huniponyoka. Lakini mimi huamua kwa ninachoambiwa. Ukinificha, nitamwumiza asiye na hatia, na nitajiona nimetenda haki.”